Kanuni za Watu Thelathini na Mmoja



Tukisikia neno Seneti ya Marekani, mawazo yetu hukimbilia Washington. Lakini majimbo 49 kati ya 50 ya nchi ile yana seneti zake yenyewe. Ni Nebraska pekee iliyoamua kuwa na bunge la chumba kimoja, na imekaa hivyo tangu 1937. Na ni katika seneti hizo za majimbo yanakoamuliwa mengi yanayomfikia mtu mlangoni kwake: watoto wafundishwe nini shuleni, mwizi afungwe miaka mingapi, barabara ijengwe wapi, mpiga kura aonyeshe kitambulisho gani.

Leo nimechagua Texas. Tunao watu wetu huko, Houston, Dallas, Fort Worth: Wakenya, Watanzania, na Wakongo wengi waliofika wakiwa wakimbizi. Wengi wao wanamjua Rais na wanamjua Gavana, ila ukiwauliza jina la seneta wao wa jimbo wananyamaza. Nina sababu nyingine pia. Seneti ya Texas inaonyesha waziwazi kwamba nguvu za chumba cha juu, kwa sehemu kubwa, hazimo katika katiba. Zimo katika kanuni za ndani, zile ambazo maseneta hujiandikia wenyewe na ambazo hakuna mwananchi anayeombwa kuzipigia kura.

Jengo lenyewe liko Austin. Limejengwa kwa matale mekundu na lilikamilika mwaka 1888. Upande wa magharibi hukaa Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 150. Upande wa mashariki hukaa Seneti, watu 31 tu. Seneta lazima awe ametimiza miaka 26, naye huchaguliwa kwa miaka minne, wakati mwakilishi wa chumba cha chini huchaguliwa kwa miaka miwili. Mshahara wa seneta ni dola 600 kwa mwezi. Umebaki hapo hapo tangu 1975, kwa hiyo karibu wote wana kazi nyingine, uwakili, udaktari, biashara. Kikao cha kawaida huanza Jumanne ya pili ya Januari, kila mwaka wa witiri, na hakiruhusiwi kupita siku 140. Baada ya hapo wanatawanyika hadi miaka miwili ipite, isipokuwa Gavana awaite kwa kikao maalumu cha siku zisizozidi 30, kwa ajenda aliyoitaja yeye mwenyewe.

Sasa piga hesabu. Sensa ya 2020 ilikuta Texas ina watu zaidi ya milioni 29. Ukiwagawanya kwa 31, kila seneta anabeba watu wapatao 940,000. Idadi hiyo inazidi ya mbunge wa Congress kule Washington, ambaye kwa Texas hubeba watu kama 767,000. Na mtu huyu analipwa dola 600.

Wakenya watauliza: je, hawa 31 wanawakilisha nini? Kenya jibu ni rahisi. Kila kaunti inachagua seneta mmoja, Lamu yenye watu takriban 144,000 na Nairobi yenye zaidi ya milioni nne, kila moja mmoja. Seneti pale ni nyumba ya kaunti. Texas nayo iliwahi kuwa na mpango wa namna hiyo, kwa sababu katiba yake ilisema hakuna kaunti itakayopata seneta zaidi ya mmoja. Kaunti ya Harris, ambamo mna jiji la Houston, ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki mbili mwaka 1960, na seneta wake alikuwa mmoja. Kisha mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iitwayo Reynolds dhidi ya Sims, ikaamua kwamba vyumba vyote viwili vya bunge la jimbo lazima vigawanywe kwa idadi ya watu. Majaji walisema kaunti si nchi, na kura ya mtu wa mjini haiwezi kupungua uzito kwa sababu tu ana majirani wengi.

Matunda ya uamuzi huo yana jina: Barbara Jordan. Alikuwa wakili kijana Mweusi wa Houston, akagombea Baraza la Wawakilishi mwaka 1962 akashindwa, akarudi 1964 akashindwa tena, kwa kuwa kaunti nzima ilipiga kura kwa pamoja na kura za mitaa ya Weusi zilimezwa. Mipaka ilipochorwa upya mwaka 1965 likapatikana eneo la seneta lenye mitaa hiyo ndani yake. Mwaka 1966 akashinda. Hakukuwa na Mweusi aliyekaa katika Seneti ile tangu 1883, na hakujawahi kuwepo mwanamke Mweusi kabisa. Wenzake walewale baadaye walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, na tarehe 10 Juni 1972, Gavana na Naibu Gavana wakiwa nje ya jimbo, Barbara Jordan alikaimu ugavana wa Texas kwa siku moja. Mimi kila nikisikia watu wakisema kuchora mipaka ni kazi ya makarani, humkumbuka mama huyu.

Lakini uamuzi ule uliacha swali. Kama vyumba vyote viwili vinawakilisha watu kwa idadi, na vyote hupitisha miswada kwa wingi wa kawaida wa kura, cha juu kinatofautianaje na cha chini, mbali na udogo wake? Yapo mambo machache ambayo katiba imekipa. Miswada ya kodi lazima ianzie chumba cha chini. Uteuzi wa Gavana lazima uidhinishwe na Seneti kwa theluthi mbili, na kwa desturi, seneta wa eneo anakotoka mteuliwa akimkataa, wenzake humuunga mkono na mteuliwa huyo hana lake. Mengine yote tuyatafute katika kanuni.

Tuanze na kiti. Anayeongoza Seneti ni Naibu Gavana, na yeye si seneta. Huchaguliwa na jimbo zima, kwa kura yake mwenyewe, mbali na Gavana. Ndiyo maana miaka ya tisini Bob Bullock wa Democratic aliongoza Seneti wakati Gavana alikuwa George W. Bush wa Republican, na wakafanya kazi pamoja vizuri. Katiba inampa Naibu Gavana kura ya kuamua zinapolingana, na mengine machache. Kanuni za Seneti ndizo zinazompa makali: yeye huteua wajumbe na wenyeviti wa kamati, huamua muswada upelekwe kamati gani, na huamua nani apewe nafasi ya kusema. Seneta akimuudhi, muswada wake unaweza kupelekwa kamati ambayo mwenyekiti wake hatauita kamwe. Kwa hiyo wachambuzi wengi wa Texas husema huyu ndiye mwenye nguvu kuliko Gavana mwenyewe. Tangu Januari 2015 kiti hicho kimekaliwa na Dan Patrick, ambaye kabla ya siasa alikuwa mtangazaji wa redio Houston.

Muswada ukishawasilishwa husomwa mara ya kwanza na kupelekwa kamati. Huko mwananchi anaweza kujiandikisha kuwa shahidi, akaunga mkono au akapinga, kwa dakika chache anazopewa. Kamati ikiupitisha, unaingia kwenye orodha ya shughuli, na kanuni zinasema miswada ishughulikiwe kwa mpangilio wa orodha, wa kwanza kuingia awe wa kwanza kujadiliwa.

Hapa ndipo pana ustadi wao, nami naomba unisikilize kwa makini. Mwanzoni mwa kikao, seneta mmoja huwasilisha muswada ambao hakuna anayekusudia upite. Kuna vikao ambapo ulihusu kupendezesha bustani za kaunti. Unapitishwa haraka kamatini, unawekwa namba moja kwenye orodha, kisha unaachwa hapo. Ni gogo lililolazwa njiani kwa makusudi. Kwa kuwa wa kwanza haujadiliwi, wa pili haufikiwi, wala wa tatu, wala wa mia. Ili muswada wowote ujadiliwe, Seneti lazima kwanza isimamishe mpangilio wa kawaida, na kusimamisha mpangilio kulihitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Wote 31 wakiwepo, hiyo ni kura 21.

Fikiria maana yake. Muswada wenyewe ungepita kwa kura 16, lakini ili tu ufunguliwe mdomo ulihitaji 21. Mwenye muswada alilazimika kutembea dawati kwa dawati. Alikwenda kwa seneta wa chama kingine, wa mashambani, wa mpakani, akauliza: wewe unataka kipi kibadilike ili uniruhusu? Sentensi ikafutwa hapa, tarehe ikasogezwa pale, kaunti fulani ikaondolewa. Kazi hiyo haikuonekana na waandishi wala haikupigiwa makofi, lakini sheria nyingi za Texas zilipoteza ukali wake usio wa lazima katika matembezi hayo, na kwa zaidi ya nusu karne hivyo ndivyo Seneti ilivyofanya kazi.

Mwaka 2007 Republican walikuwa 20 na Democratic 11. Palikuwa na muswada wa kumtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho, na Democratic waliona utawafungia nje wazee na maskini. Hesabu ilikuwa nyembamba mno. Wote 11 wakiwepo, 20 hawafikii 21. Mmoja akikosekana, waliohudhuria wanakuwa 30, theluthi mbili yake ni 20, na muswada unapita. Mmoja wa wale 11 alikuwa Mario Gallegos wa Houston, ambaye Januari ya mwaka huohuo alikuwa amepandikizwa ini. Madaktari walimtaka apumzike. Yeye akakaa Austin, kitanda cha hospitali kikawekwa katika chumba kilicho kando ya ukumbi, na kila kura ilipokaribia aliinuka akaingia. Muswada haukupita mwaka ule. Unaweza kuupenda muswada ule au kuuchukia, lakini mtu huyo alielewa kuwa kiti chake kitupu kingekuwa kura upande wa pili.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua. Mwaka 2009, mwanzoni mwa kikao, walio wengi waliandika katika kanuni kwamba miswada ya kitambulisho cha mpiga kura haitahitaji theluthi mbili. Ilipofika 2011 ikawa sheria. Mwaka 2015, Dan Patrick alipoingia, theluthi mbili ikaondolewa kabisa ikawekwa tatu kwa tano, yaani kura 19, na Republican walikuwa 20. Uchaguzi wa 2020 ukawateremsha hadi 18. Januari 2021 kanuni ikabadilishwa tena, ikawa tano kwa tisa. Tano kwa tisa ya 31, ukiipandisha, ni 18.

Wapo wanaoitetea hatua hiyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema wananchi walichagua chama kimoja kwa wingi, sasa kwa nini watu 11 wawafunge mikono watu 20? Uchaguzi una maana gani basi? Nakubali kwamba kizuizi kinaweza kulinda uovu sawasawa na kinavyolinda haki. Lakini walio wengi hawakuwahi kukosa njia ya kushinda Texas, maana bajeti zilipita, na sheria zilipita kwa mamia. Walichotakiwa ni kuzungumza na mtu asiye wa chama chao kabla ya kushinda. Na kiwango kinachoshuka kila mara viti vinapopungua, kikatua palepale idadi ya chama ilipo, hakimzuii mtu yeyote.

Walio wachache wanapopoteza kanuni, hubaki na miguu. Katiba ya Texas inataka akidi ya theluthi mbili ili chumba kifanye kazi. Maseneta 21 wasipokuwepo ukumbini hakuna shughuli. Mwaka 1979 maseneta 12 walijificha kwa zaidi ya siku nne, wengi wao katika nyumba ndogo ya kupanga humo humo Austin, kupinga muswada uliohusu tarehe ya kura za mchujo za urais. Naibu Gavana Bill Hobby alikuwa amewapachika jina la nyuki wauaji. Polisi wa jimbo walitumwa kuwasaka, wakamkamata nduguye seneta mmoja wakidhani ndiye. Mwaka 2003 mambo yalikuwa mazito zaidi. Republican walitaka kuchora upya mipaka ya viti vya Congress katikati ya muongo. Kikao maalumu cha kwanza kilikwama Seneti kwa sababu ya theluthi mbili. Naibu Gavana David Dewhurst akaliondoa gogo katika kikao kilichofuata. Democratic 11 wakapanda ndege hadi Albuquerque, jimbo la New Mexico, ambako polisi wa Texas hawana mamlaka, wakakaa huko zaidi ya mwezi. Waliobaki 20 hawakutosha kuanza hata dua ya asubuhi kirasmi. Mwishowe mmoja wa wale 11, John Whitmire, alirudi nyumbani Houston, akidi ikapatikana, na Oktoba ramani ikapita. Whitmire huyo sasa ndiye meya wa Houston.

Silaha nyingine ni ulimi. Seneta akishapewa nafasi anaweza kusema hadi muda uishe, lakini masharti yake ni magumu kuliko ya Washington: asimame wima, asiegemee dawati, asile, asiende msalani, na asitoke nje ya mada. Mwaka 1957 Henry B. González na Abraham Kazen walisema kwa saa 36 wakipokezana, kupinga miswada ya kuendeleza ubaguzi mashuleni, na mingi ya miswada hiyo haikuwa sheria. Mwaka 1977 Bill Meier alisema peke yake saa 43. Na tarehe 25 Juni 2013 Wendy Davis wa Fort Worth, akiwa amevaa raba za rangi ya waridi, alisimama kupinga muswada wa kubana utoaji mimba. Kikao maalumu kilikuwa kinaisha saa sita usiku. Alisema kwa muda wa karibu saa 11. Walimpa onyo mara mbili kwa kutoka nje ya mada, na mara moja kwa sababu mwenzake alimsaidia kufunga mkanda wa mgongo. Onyo la tatu likamnyamazisha. Ndipo watu waliojaa roshani za wageni wakapiga kelele zisizokoma, kura ikachelewa ikapita saa sita, na muswada ukafa. Mwezi uliofuata Gavana aliwaita tena na muswada ukapita, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ikabatilisha vifungu vyake vikuu. Wengine hukumbuka raba zile. Mimi naona la kuzingatia ni kwamba katika kikao cha kawaida cha mwaka uleule, theluthi mbili ilikuwa bado ipo na miswada ya aina hiyo haikufika ukumbini. Gogo halikuwekwa katika kikao maalumu, na ndiyo maana mwanamke mmoja alilazimika kusimama kutwa nzima.

Nimalizie na Seneti kama mahakama. Wakenya waliofuatilia Oktoba 2024, Bunge la Taifa likimshtaki Naibu Rais Rigathi Gachagua na Seneti ikimhukumu, watautambua utaratibu huu. Texas pia, chumba cha chini hushtaki na cha juu husikiliza kesi, na hukumu ya hatia huhitaji theluthi mbili. Mwaka 1917 Seneti ilimwondoa Gavana James Ferguson na kumzuia kushika wadhifa tena. Mkewe Miriam akagombea na kuchaguliwa gavana mwaka 1924. Mei 2023 Baraza la Wawakilishi, lenye Republican wengi, lilimshtaki Mwanasheria Mkuu Ken Paxton, naye ni Republican, kwa kura 121 dhidi ya 23, kwa tuhuma za rushwa na matumizi mabaya ya ofisi ambazo alizikana. Kesi ikaenda Seneti Septemba. Jaji alikuwa Dan Patrick. Mmoja wa maseneta 31 alikuwa Angela Paxton, mke wa mshtakiwa. Kanuni za kesi zilimkataza kupiga kura lakini zikamtaka akae ukumbini, na kwa kuwa alikuwepo, alihesabiwa miongoni mwa waliohudhuria. Hivyo kura za hatia zilizohitajika zikabaki 21, ingawa wapigaji walikuwa 30. Paxton aliachiwa katika mashtaka yote 16 yaliyosikilizwa, na mengine manne yakafutwa. Kura za hatia hazikuikaribia 21, kwa hiyo mama huyo hakubadilisha matokeo. Lakini hesabu ni ileile iliyomlaza Gallegos kando ya ukumbi: mtu anayehesabiwa bila kupiga kura ana uzito wake.

Sasa, ninyi mnaonisikiliza mkiwa Houston, Dallas, Fort Worth. Kila Januari ya mwaka wa witiri, katika siku za mwanzo za kikao, bajeti haijasomwa wala muswada wowote haujajadiliwa, Seneti hupitisha azimio la kanuni zake. Hupita kwa wingi wa kawaida wa kura, na mjadala wake huweza kumalizika kabla ya chakula cha mchana. Shughuli za ukumbi hurushwa mubashara kwenye tovuti ya Seneti. Tazameni hasa kifungu kinachotaja idadi ya kura za kusimamisha mpangilio wa kawaida. Iandikeni idadi hiyo. Kisha hesabuni walio wengi wana viti vingapi.